Doria ya Droni Pwani ya Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mradi, Kutoka Kibali Hadi Safari ya Kwanza

Kisa ni kilekile kila mara. Kikundi kinapata droni ya kulinda mikoko na kuwabana wavuvi wa kokoro (wavu mrefu unaokokotwa kwenye maji mafupi) na baruti. Picha za uzinduzi zinapigwa, chombo kinarushwa mara chache, basi. Ama polisi wamekichukua kwa kukosa karatasi, ama kimetumbukia baharini, ama kiko kabatini kwa mtendaji na betri zimevimba. Urushaji wenyewe kijana anajifunza kwa muda mfupi. Kinachowashinda watu ni kupanga.

Mwongozo huu ni wa BMU (vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi), kamati za mazingira za vijiji, maofisa wa halmashauri na mashirika madogo yanayofanya kazi kati ya Kilwa na Msimbati. Nauandika nikishikilia jambo moja: mradi ujulikane na kila mtu, ila saa na mahali pa kurusha zijulikane na wachache. Wengi wanafanya kinyume. Mradi wanauficha hata kwa mwenyekiti wa kijiji, halafu ratiba ya kesho inazungumzwa kwenye kahawa.

## Mahitaji

Usianze hatua ya kwanza kabla hujajua utapata wapi vitu hivi:

- Droni ya propela nne yenye kamera ya nukta milioni 20 hivi, na propela za akiba
- Betri nne au zaidi, pamoja na namna ya kuzichaji mahali pasipo na umeme wa uhakika
- Kipima upepo cha mkononi
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu nawe
- Turubai la mita mbili kwa mbili la kupaishia na kutulia
- Simu au tableti yenye ramani zilizopakuliwa tayari, maana mtandao utakukatikia ufukweni
- Laptopu yenye RAM ya GB 16, iliyowekwa QGIS (ya kutazama na kulinganisha ramani) na WebODM (ya kuunganisha picha ziwe ramani). Programu zote mbili zinapatikana bila kulipia leseni
- Diski mbili za nje
- Daftari gumu lenye kurasa zenye namba
- Filimbi, vizibao vya kuakisi mwanga, sanduku la huduma ya kwanza na ndoo ya mchanga mkavu kwa ajili ya betri ikishika moto
- Maji baridi (yasiyo na chumvi) ya chupa na kitambaa laini cha kufutia chumvi
- Faili la vibali, na nakala yake kwenye mfuko usiopitisha maji

Kamera ya kuona joto usiku iache. Ni ghali, na kuruka usiku kunahitaji ruhusa yake peke yake. Droni zenye mabawa, zile zinazoruka kama ndege ya kawaida, nazo zisubiri. Zinakwenda mbali, lakini zinataka uwanja mpana wa kutua, na fukwe zetu nyingi zina minazi, nyavu zilizoanikwa na watoto.

## Hatua ya 1: Andika swali moja ambalo droni italijibu

"Kulinda bahari" ni kauli ya kwenye bango, haikuambii urushe wapi. Andika kitu kama hiki: *Je, kuna mikoko mipya iliyokatwa kwenye mkono huu wa bahari tangu mwezi uliopita?* Au: *Ni vyombo vingapi vinavuta kokoro mbele ya kijiji chetu siku za bamvua?* (Bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa sana kuliko kawaida.)

Swali ndilo linaloamua kimo, kamera na idadi ya betri. Chukua droni yenye kihisi cha picha cha inchi moja. Ukiwa mita 100 juu, picha moja inafunika takriban mita 150 kwa mita 100 za ardhi, na kila nukta ya picha ni kama sentimita 2.7. Kwa kipimo hicho utaliona pengo la mikoko iliyokatwa, utahesabu mitumbwi, na utaona kokoro lilivyotandazwa nusu duara kutoka ufukweni.

Namba ya chombo hutaisoma. Herufi yenye urefu wa sentimita 15 inapata nukta tano au sita tu, tena imeandikwa ubavuni wakati wewe unatazama kutoka juu. Kama swali lako ni "chombo cha nani?", unahitaji kamera yenye kuvuta picha karibu na pembe ya kutazama kwa ubavu, au mtu wa nchi kavu mwenye darubini. Miradi mingi inakwama hapa: walitaka majina, wakanunua kifaa cha kuchora ramani.

Umefaulu hatua hii ukiweza kulisoma swali lako mbele ya mtu asiyejua droni akakuambia jibu lake litafananaje.

## Hatua ya 2: Vibali kabla ya manunuzi

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote. Ndiyo pia wanayoiruka wengi, wakitegemea kwamba huku ni mbali na Dar es Salaam. Umbali huo haukusaidii. Kusini ni mahali ambapo chombo cha angani kisicho na maelezo kinaulizwa haraka, na sababu zipo.

Mto Ruvuma ni mpaka. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara Vijijini, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotokea upande wa Msumbiji. Kuna mitambo ya gesi Madimba, visima Mnazi Bay karibu na Msimbati, na Songo Songo kule Kilwa. Kuna viwanja vya ndege vya Mtwara, Kikwetu na Kilwa Masoko. Afisa anayekuzuia anafanya kazi yake.

Mpangilio ninaoushauri ni huu.

Kwanza, TCAA. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayosimamia droni nchini, chini ya kanuni za ndege zinazoongozwa kwa mbali za mwaka 2018. Hapo ndipo usajili wa chombo na kibali cha kurusha vinaposhughulikiwa. Waulize kabla ya kununua, hasa kama droni inatoka nje ya nchi, ili isikwame forodhani. Kimo cha juu cha kawaida ni futi 400, yaani kama mita 120 kutoka ardhini, na rubani anatakiwa aione droni kwa macho yake muda wote.

Pili, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Idhini ya kiusalama haiepukiki kwa kazi ya kupiga picha kutoka angani. Ambatisha ramani yenye mipaka ya eneo lako. Usiandike "Mkoa wa Mtwara". Chora eneo dogo unaloweza kulitetea.

Tatu, wenye eneo. Mikoko ni hifadhi ya misitu, kwa hiyo TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) wahusishwe. Kama ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ofisi ya hifadhi iwe mshirika wako tangu mwanzo. Afisa uvuvi wa wilaya naye usimsahau, maana kesi za uvuvi zitapitia mezani kwake.

Nne, wilaya. Peleka nakala kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Nenda mwenyewe. Barua iliyotumwa bila mtu hukaa kwenye trei, na siku ya tukio askari wa zamu hana habari nayo.

Katika kila barua andika mambo yaleyale kwa maneno yaleyale: namba ya chombo, jina la rubani, mipaka ya eneo, madhumuni, na nani atazihifadhi picha. Barua mbili zikitofautiana hata kidogo, afisa makini ataona na kuuliza, na ana haki.

Onyo kuhusu mpaka. Hata kama una vibali vyote, jiwekee ukanda wa kutokuruka karibu na Ruvuma, na uuweke kwenye programu ya droni ili chombo chenyewe kigome kuvuka. Kilomita kumi ni kipimo changu; mwingine atasema kingine. Kwa eneo hilo tumia picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo ni bure. Kila nukta ni mita 10, na eneo hurudiwa kila baada ya siku tano hivi. Mti mmoja hutauona, lakini ufyekaji mkubwa wa mikoko utaonekana, na hakuna atakayekuuliza ulirushia wapi.

Umefaulu ukimpigia simu afisa wa polisi wa eneo, ukataja mradi, naye akakuambia "naufahamu" kabla hujaeleza.

## Hatua ya 3: Kijiji kijue kabla mlio haujasikika

Watu wa Mtwara hawajasahau mwaka 2013 na fujo za bomba la gesi. Kwa wengi, mgeni mwenye vipimo na kamera ni dalili kwamba kuna kitu kinataka kuchukuliwa. Ukiingia msimu wa korosho, watasema unahesabu mikorosho ya watu. Ukipita juu ya viwanja, watasema ni upimaji. Maelezo yasipotoka kwako, yatatungwa.

Omba mkutano wa hadhara kupitia serikali ya kijiji. Peleka droni yenyewe, iweke mezani, waache wazee waishike. Kisha irushe hapohapo na uwaonyeshe kwenye skrini inachokiona kutoka kimo cha kazi. Dakika hizo tano zina uzito kuliko hotuba yako yote.

Maswali yatakayokuja yanajulikana. Babu mmoja atasimama: "Mwanangu, hicho kidude kinaona ndani ya nyumba?" Mjibu kwa heshima na kwa ukweli: "Hapana babu, hakipiti bati wala makuti, ila ua usio na paa kinauona. Ndiyo maana hatutapita juu ya nyumba." Usiseme "hakioni kitu". Ameshaona kwenye skrini kwamba kinaona.

Kina mama wanaokwenda mwambani kutafuta pweza na chaza maji yakipwa watauliza kama watapigwa picha wakiwa wamefunga kanga viunoni. Hilo si swali dogo. Weka kanuni kwamba watu wanaotembea mwambani hawafuatwi na kamera, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake, nawe uliyeipiga una wajibu nayo.

Mkutanoni sema wazi: tutaruka, tutaruka siku yoyote, na hatutatangaza lini. Wavuvi halali hawatalalamika. Anayelalamika kuhusu kutotangazwa kwa saa, mwandike jina kimyakimya.

Umefaulu muhtasari ukiwa umesainiwa na kugongwa muhuri, na watoto wakiwa na jina lao la utani la droni.

## Hatua ya 4: Watu wanne, kazi nne

Rubani anatazama droni na rimoti tu. Mtazamaji anatazama anga, ndege, watu na vyombo vinavyokaribia. Mwandishi anajaza daftari. Mlinzi anazungumza na watu watakaofika, na watafika.

Kazi ya mwisho ndiyo inayodharauliwa. Rubani akianza kujibu maswali ya watazamaji huku chombo kiko juu ya maji, umeshakipoteza. Mlinzi awe mtu wa kijiji hicho, mwenye kujua kuongea na watu, na ikiwezekana mwenye umri kidogo.

Fundisha marubani wawili. Mmoja akipata kazi Dar, mradi usife.

## Hatua ya 5: Chagua vituo vya kurushia

Kwa kuwa droni lazima ionekane kwa macho, kila kituo kinakupa mita mia tano hivi kila upande. Pwani ya kilomita sita inataka vituo sita au saba. Kimoja katikati hakitoshi.

Tembea kwa miguu. Kituo kizuri kiko juu ya alama ya maji makuu, hakina minazi upande wa bahari, kiko mbali na nyaya za umeme na mapaa ya mabati, na kina njia mbili za kufikia. Bati na nondo huvuruga dira ya droni. Ikikuomba kusawazisha dira, sogea kwanza, usiisawazishe ukiwa umesimama kando ya banda la samaki.

Mchanga ndio adui wa mota. Tandaza turubai, weka mawe kwenye kona, paisha.

Kuna ajali moja inayojirudia sana: kurushia kwenye mchanga wazi maji yakiwa yamekupwa. Droni hukumbuka mahali ilipopaa na hurudi hapohapo ikipoteza mawasiliano. Siku za bamvua maji ya huku hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kwenye fukwe za tambarare huja kwa kasi inayomshangaza mgeni. Droni itarudi kwa uaminifu kabisa na kutua ndani ya maji.

Kurushia kwenye boti kuna hatari hiyo hiyo. Boti inasogea lakini "nyumbani" kwa droni kunabaki palepale baharini. Kama ni lazima, badilisha mpangilio ili nyumbani kufuate rimoti, na mtu avae glavu nzito za kuidaka. Kwa kikundi kinachoanza, ushauri wangu ni mmoja: usirushie kwenye boti.

## Hatua ya 6: Panga kwa upepo, maji na jua

Hapa mabaharia wa kijiji wanajua kuliko kitabu cha maelekezo cha kiwandani. Kaa nao.

Upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda. Kaskazi hushika Novemba au Desemba hadi Machi, ikiwa na mvua ndani yake. Kati yao, Oktoba na Novemba, kuna utulivu na ukavu. Huo ndio wakati wa kupiga ramani ya kwanza, ile ambayo kila kitu kitalinganishwa nayo baadaye.

Mtengenezaji anaweza kuandika kwamba chombo kinahimili upepo wa mita 10 kwa sekunde. Wewe simamia saba kwa kipimo cha mkononi, kwa sababu juu mita 100 upepo ni mkali kuliko ulipo wewe. Kanuni ya kawaida ni kwenda dhidi ya upepo na kurudi nao, ili betri ikichoka upepo ukubebe.

Kusi na kaskazi zinatoka upande wa bahari, kwa hiyo kanuni hiyo inafuatwa yenyewe. Jihadhari na alfajiri. Umande, ule upepo wa nchi kavu wa asubuhi, unasukuma kuelekea baharini. Droni inaondoka kwa wepesi wa kupendeza, rubani anafurahi, kisha safari ya kurudi ni mlima. Asubuhi na mapema punguza umbali nusu.

Maji. Siku za bamvua kwenye pwani yetu maji hukupwa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Kwa mikoko hiyo ni bahati: matope yako wazi, visiki vinaonekana, na jua liko juu kiasi cha kufupisha vivuli. Kwa kokoro pia, kwa kuwa linavutwa kwenye maji mafupi. Siku za maji mafu, maji yasipojaa wala kupwa sana, tumia kwa mafunzo na matengenezo.

Jua. Asubuhi bahari iko upande wa jua, na mng'ao wake utakuficha nusu ya picha. Zungusha kamera isitazame mashariki moja kwa moja, au ruka ukitoka kaskazini kwenda kusini. Alasiri jua liko nyuma yako na maji yanaonekana hadi chini, ila kusi ndipo inapochacha. Hakuna saa iliyo kamili. Chagua kasoro utakayoivumilia kulingana na swali lako la hatua ya kwanza.

Hesabu ya betri. Tuseme unachora ramani ya hekta 40 za mikoko ukiwa mita 100. Picha zipandane asilimia 80 kwenda mbele na 70 ubavuni, kwa hiyo unapiga kila baada ya mita 20 na mistari inaachana mita 45. Njia yote inakuwa kama kilomita 9, picha kama 450. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde ni karibu dakika 19 bila kuhesabu kona. Betri inayotangazwa kuwa ya dakika 30 ihesabu kuwa ya dakika 18, maana upepo nao hula chaji, na lazima utue ikiwa na asilimia 30. Hekta 40 ni betri mbili basi, na ya tatu ya akiba. Anayekuambia inatosha moja hajawahi kuruka kwenye kusi.

## Hatua ya 7: Mazoezi juu ya nchi kavu

Usifanye safari ya kwanza juu ya maji. Tafuta uwanja wa mpira usiotumika, nje ya njia ya ndege za abiria. Rubani aonyeshe mambo haya bila kusitasita: kupaa na kutua kwenye turubai kwa mkono, kurudisha chombo wakati skrini imezimwa, kusimamisha safari ya kujiendesha katikati, na kupanda juu haraka mwewe au kunguru wanapokuja. Ndege hao hushambulia. Kwa kawaida hujirusha kutoka juu, hivyo kushuka ni kuwaachia shabaha.

Kisha fanya zoezi zima kana kwamba ni kazi ya kweli: daftari, vizibao, simu kwa polisi, picha hadi kwenye laptopu. Likikwama popote, rudia lote.

Umefaulu timu ikimaliza zoezi zima bila rubani kumuuliza mtu yeyote "sasa nifanyeje?"

## Hatua ya 8: Ratiba inayojulikana na wachache

Sasa tunafika kwenye siri halali. Mkono mmoja wa bahari, kijiji kimoja, ndiyo awamu ya kwanza. Usifungue vituo vyote kwa mkupuo.

Mtu mmoja, si rubani, apange siku za mwezi kwa kufuata jedwali la maji, kisha achague miongoni mwake kwa kura. Kura ni muhimu. Binadamu akichagua mwenyewe anaishia na Jumanne na Alhamisi, na wavuta kokoro wanajua kuhesabu siku kama wewe. Timu iambiwe jioni ya kuamkia safari. Kituo waambiwe asubuhi.

Afisa wa polisi au wa uvuvi aliyekubaliwa ajulishwe kila safari, bila ubaguzi. Ratiba inafichwa kwa wahalifu. Ikifichwa kwa mamlaka, kibali chako hakina maana.

Kikundi cha WhatsApp cha mradi kisibebe ratiba kamwe. Wala picha ya betri zinazochajiwa usiku kwenye status. Nayo ni tangazo.

Onyo kubwa. Timu ya droni haikamati mtu. Ikiona baruti, inarekodi, inatoa taarifa, inaondoka. Anayebeba baruti hana cha kupoteza, na kijana wako ana rimoti tu mkononi. Kama afisa hajafika, tukio likapita, limepita.

## Hatua ya 9: Picha ziwe ushahidi

Picha kali isiyo na historia haimsaidii mwendesha mashtaka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama hutazama namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama ni wa kuaminika. Maana yake, kazi yako ni kuweza kueleza safari ya faili kutoka kwenye droni hadi mahakamani bila pengo.

Mara baada ya kutua, mwandishi aandike saa, kituo, namba ya betri, jina la rubani na namba za faili. Memori kadi itolewe na watu wawili wakishuhudia. Nakili kwenye diski zote mbili papo hapo. Diski moja ikae kwenye kabati la chuma la ofisi, nyingine kwa afisa aliyekubaliwa. Faili la asili lisifunguliwe kwa programu ya kuhariri. Ukitaka kukuza au kuweka mshale, tumia nakala.

Hakikisha saa ya droni inalingana na saa ya simu. Ni jambo dogo, lakini tofauti yake ndiyo wakili wa utetezi ataanza nayo.

Picha zisizo na tukio zifutwe kwa ratiba iliyoandikwa, isipokuwa zile za ramani ya mikoko. Kutunza nyuso za watu "huenda zikafaa" ndiko kunakogeuza doria kuwa upekuzi.

## Hatua ya 10: Siku itakapoanguka

Itaanguka. Mpango usio na ukurasa wa kuanguka haujakamilika, hata kwa wakubwa wa dunia. Marekani walipokuwa wakiirusha U-2 juu ya Urusi ya Kisovyeti, hadithi yao ya kujikinga ilikuwa kwamba ni ndege ya utafiti wa hali ya hewa. Mei 1, 1960 ikatunguliwa. Wakaitoa hadithi ile wakiamini rubani hayuko hai, nao Wasovyeti wakamwonyesha Francis Gary Powers akiwa mzima. Walipanga urukaji kwa ustadi mkubwa kuliko walivyopanga siku ya kukosa.

Wewe hadithi ya kujikinga huna, na huihitaji. Bandika kwenye droni jina la mradi na namba ya simu ya ofisi. Andika mapema nani anapiga simu polisi na TCAA, nani anakwenda kwa mwenye shamba au chombo kilichogongwa, na fedha ya fidia inatoka wapi. Kama mtu ameumia, matibabu kwanza, maelezo baadaye.

Mtu akiiokota na kuileta, mpe shukrani mbele ya watu. Akiificha, mtume mwenyekiti wa kitongoji, usiende na askari siku ya kwanza.

Betri iliyoingia maji ya chumvi usiichaji tena hata ikionekana kavu. Iweke kwenye ndoo ya mchanga, nje, mbali na nyumba. Na droni isiyoanguka nayo ifutwe chumvi kila jioni kwa kitambaa chenye maji baridi, ikaushwe kivulini, na betri zihifadhiwe zikiwa na nusu ya chaji, si zimejaa.

## Lini ufungue kijiji cha pili

Fungua pale ambapo mambo matatu yametimia katika kijiji cha kwanza: swali lako la hatua ya kwanza limepata jibu lenye ramani, daftari halina ukurasa uliorukwa, na serikali ya kijiji imeomba kuona matokeo bila kusukumwa. Warudishie matokeo hayo mkutanoni, pamoja na yale yasiyowapendeza, kwa mfano kwamba mikoko inakatwa na wakazi wenyewe kwa ajili ya kuni za kuchomea chokaa.

Kisha rudi hatua ya pili kwa eneo jipya. Vibali vya Mikindani havifanyi kazi Sudi, na mzee wa Sudi naye atataka kuishika droni kwa mikono yake.